Je, Vitu Vidogo Vina Sheria Nyingine?

Nendeni asubuhi kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani. Mtaona maji yakianguka kwa ngurumo, na wavuvi wakitega vikapu vikubwa kwenye miti iliyosimikwa kati ya miamba. Nguvu inayoshusha maji hayo ni mvuto wa dunia. Tungedhani hakuna nguvu ipitayo hiyo.

Lakini wataalamu watuambia neno jingine. Ndani ya atomu mvuto ni kama si kitu. Kinachoishika elektroni karibu na kiini ni nguvu ya umeme, nayo hushinda mvuto mara nyingi mno: andika 1, kisha fuatisha sifuri 39. Na ndani ya kiini iko nguvu nyingine, yenye kushinda hata umeme. Lakini haifiki mbali, nje ya kiini imekwisha.

Kijana mmoja wa mafundisho aliniuliza: «Mwalimu, ikiwa sheria ya vitu vikubwa haitawali vitu vidogo, amri nazo si hivyo hivyo? Kuiba mfuko wa mchele ni dhambi, lakini kikombe kimoja?»

Nilimjibu hivi. Nguvu hizo hazikugeuka. Umeme uko hata katika mwamba wa Wagenia, ndio unaoshikamanisha chembe zake. Hatuuoni kwa kuwa umeme chanya na hasi hufutana. Mvuto haufutwi, huongezeka tu, ndiyo sababu hutawala vitu vikubwa. Kweli, mwendo wa elektroni hauhesabiki kwa kanuni za Newton. Lakini kanuni mpya za atomu, zikitumiwa kwa jiwe linaloanguka, hutoa jibu lile lile la Newton. Basi hakuna dunia mbili.

Tena, udogo si unyonge. Urani ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika kwa bomu la Hiroshima, mwaka 1945. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville (leo Kinshasa), kiliwashwa kinu cha atomu cha kwanza katika Afrika, kwa ajili ya utafiti. Viini vilipasuka huku na huku kwa sheria ile ile. Nia ya watu ndiyo iliyokuwa mbalimbali.

Mfano wa atomu hauthibitishi amri, wala hauwezi kuivunja. Kikombe cha mchele kina mwenyewe, sawa na mfuko. Na haba na haba hujaza kibaba: mkono uliozoea kikombe utaufikia mfuko. Kijana alinyamaza, kisha akaniambia atakirudisha.