Nyanya Mkuu Aliyetoka Laikipia

Babu yangu hakuwahi kuiona ramani iliyoigawa nchi ya Wamaasai, lakini mpaka wenyewe aliujua kwa majina ya ng'ombe waliopotelea ng'ambo yake. Baba yake alikuwa na ndugu wa tumbo moja. Mmoja alichunga upande wa Namanga, mwingine upande wa Longido, na mifugo yao ilikunywa maji pamoja bila mtu kuuliza ni ya serikali gani. Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kukubaliana mwaka 1886 kwamba mstari utoke pwani karibu na Vanga, uuzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Viktoria. Ndugu hao wawili waliishi na mstari huo miaka mingi bila kuuhisi. Vita vilipozuka Agosti 1914, ndipo walipoambiwa kwamba mmoja wao ni adui.

Vitabu vya shule vinataja Taveta iliyotekwa na Wajerumani mwezi huo huo, na reli ya Uganda iliyokuwa ikilipuliwa. Kwetu vita vile ni mlima Longido, upande wa Wajerumani. Tarehe 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza, lenye askari wengi kutoka India, liliupanda mlima ule likitokea Namanga, likapigana mchana kutwa, likarudi lilikotoka bila kuuteka. Katikati ya majeshi hayo mawili kulikuwa na watu na mifugo yao. Babu alisimulia jinsi ng'ombe wa baba yake mdogo walivyoisha: wengine wakawa kitoweo cha askari, wengine wakatawanyika porini. Mwenyewe hakuonekana tena hadi vita vilipokwisha. Alirudi akiwa hana mke wala ndama hata mmoja, na ng'ombe alioanza nao upya alipewa na kaka yake.

Anayedhani mstari ule ni habari ya kale akumbuke Oktoba 2017, serikali ya Tanzania ilipowanadi ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kajiado kwa kosa la kuvuka kufuata majani. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuiona siku ile.

Uchungu wa familia yetu juu ya vita vile una mzizi mwingine. Miongoni mwa waliowatumia Wamaasai kupeleleza nyendo za Wajerumani mpakani alikuwa Lord Delamere, mlowezi aliyekuwa amepewa ekari 100,000 huko Njoro, katika Bonde la Ufa lililokuwa malisho yetu. Miaka 10 kabla ya vita, mnamo Agosti 1904, laiboni Olonana, kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba wa Waingereza uliowatoa bondeni na kuwagawa sehemu mbili: wengine Laikipia, wengine kusini ya Ngong. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka 7 tu. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine wa kuwaondoa Laikipia nako, na kiongozi wao Parsaloi Ole Gilisho alipopinga kwa njia ya mahakama, kesi ikatupwa Mei 1913 kwa hoja kwamba Wamaasai ni taifa la kigeni lililofanya mkataba na Mfalme, na mambo ya mataifa hayaamuliwi na jaji. Walihesabiwa taifa ili wasisikilizwe. Mwaka uliofuata wakatakiwa kulinda mpaka wa serikali ile ile, na mwaka 1918, ilipojaribu kuwaandikisha morani jeshini kwa nguvu, damu ilimwagika Ololulunga.

Hayo ndiyo maziwa niliyonyweshwa. Ni ya kweli, nami nayatetea. Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, nilikuwa kijana miongoni mwa walioandamana Nairobi kudai Laikipia, na sijutii hatua hata moja niliyopiga siku ile.

Ila kuna mtu mmoja ambaye hadithi yetu ilikuwa ikimruka. Ndugu wale wawili walikuwa na mama. Babu alipomfikia katika kuhesabu ukoo alisema tu, "alitoka mbali," kisha akaendelea na wanaume. Ni nyanya yangu, mke wa babu, aliyenieleza alikotoka, babu alipokwisha kuzikwa. Alikuwa mtoto wa Ilaikipiak.

Ilaikipiak walikuwa Wamaasai kama sisi, wenye nguvu, na Laikipia ilibeba jina lao. Katika miaka ya 1870 Wamaasai wenzao, Wapurko na Wakisongo, na washirika wao, wakiwa na baraka za laiboni Mbatiany, waliwapiga hadi wakatoweka kama kundi. Wanaume waliuawa au wakakimbia, na ng'ombe wakagawanywa. Watoto na wanawake waliingizwa katika boma za washindi, wakapewa majina na koo mpya. Nyanya mkuu alikuwa mmoja wao, na washindi walikuwa ni sisi. Laikipia tunayomdai Mwingereza ilikuwa kwao yeye kabla ya kuwa yetu, nasi hatukumlipa mtu.

Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu. Mama huyo aliona uvamizi mara mbili: mara ya kwanza akiwa mtoto, kwa mikono ya watu waliomlea baadaye, na mara ya pili akiwa mzee, mwanawe mmoja alipopokonywa kila kitu Longido. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyejua hasara kama yeye, na ndiye pekee ambaye hatukumuuliza wala kumsimulia.

Na katikati ya misiba yake hiyo miwili kulikuwa na Emutai. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe, ndui ikawamaliza watu, na Mbatiany alipofariki wanawe Olonana na Sendeu wakapigana juu ya ulaiboni. Wamaasai wenye njaa walikwenda Ukikuyu, na wengine wakawaacha watoto katika nyumba za Wakikuyu wapate kula. Baadhi walichukuliwa baadaye. Wengi walikulia huko, wakaoa na kuolewa.

Nayataja haya kwa sababu naishi Matasia, karibu na Ngong, na nasikia yanayosemwa. Kila msimu wa uchaguzi jirani aliyenunua ploti yake ya futi hamsini kwa mia anaitwa mgeni, mvamizi, mtu wa kurudishwa kwao. Anayeitwa hivyo huenda ni mjukuu wa mtoto wa Kimaasai aliyeokolewa na uji wa Kikuyu. Na ploti ile hakuna jeshi lililotupokonya. Ranchi za pamoja zilizoundwa kwa sheria ya 1968 zimevunjwa karibu Kajiado nzima, na huku kwetu Ngong na Matasia vipande vilianza kuuzwa mapema. Tuliuza sisi, kwa karo, kwa hospitali, wakati mwingine kwa gari ambalo leo ni vyuma. Kuchanganya mauzo hayo na wizi wa 1904 ni kuwadhulumu wale walioibiwa kweli.

Nilipopendekeza kwamba watoto wasimuliwe habari za nyanya mkuu ukoo utakapokutana Desemba, baba mdogo alikataa. "Kijana wangu," alisema, "ukisema hadharani kwamba na sisi tuliwanyang'anya wengine, Mwingereza atacheka. Kesi yetu utaiua."

Namheshimu sana, naye ana sababu ya kuogopa, kwa kuwa ameona madai mengi yakizimwa kwa visingizio vidogo kuliko hicho. Nilimjibu kwamba mkataba wa 1904 ulivunjwa na waliouandika, na kosa hilo halipungui hata kama sisi tulikuwa na madhambi yetu. Kinachopungua tukinyamaza ni haki ya mama yule kuwa mtu katika ukoo aliouzaa.

Hatukuafikiana. Shangazi, ambaye alisikia habari hizi kwa nyanya kabla yangu, amekubali kuzisimulia yeye mwenyewe, kwa Kimaa, halafu mimi niwatafsirie watoto wa Nairobi wasioelewa. Baba mdogo amesema atahudhuria, na kwamba baada ya shangazi atasimama kusema lake.