Siku Nyingi Bila Jua

Ujumbe wa Jumapili ya mwisho ya Agosti
Andiko: Matendo ya Mitume 27:13 hadi 28:11

 

Jumapili niliwaona mkiingia na makoti mawili mawili, watoto wamefungwa shali mpaka macho tu ndiyo yanaonekana. Tangu Juni hapa Satellite tunaamka na wingu na kulala na wingu. Nguo zinakaa kwa kamba siku tatu na bado hazikauki. Mabati yanatoa jasho asubuhi. Watoto wanakohoa kuanzia Kabiria mpaka Kawangware. Mama wa matunda anarudi na tikitimaji zake kwa sababu hakuna anayetaka kitu baridi, na kijana wa mjengo anashinda kwa geti akingoja kuitwa. Kodi ya nyumba nayo haijui kama kuna baridi.

Baada ya maombi ya Jumatano kaka mmoja alinivuta kando. Amenikubalia niseme maneno yake, bila jina. Aliniambia, "Pasta, sina dhambi kubwa ya kuungama. Nimechoka tu. Nikiamka naona kijivu, nikiomba naona kijivu. Naogopa kuwaambia watu, watasema sina imani." Nilimwomba tufungue pamoja Matendo 27. Leo nataka kanisa lote lifungue.

Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kusimama mbele ya Kaisari. Msimu wa baridi unakaribia, na yeye aliwaonya wasiendelee na safari, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Wakapigwa na upepo wa Eurakilo. Wakaanza kutupa shehena baharini, na siku ya tatu wakatupa hata vyombo vya meli. Halafu mstari wa 20 unasema kwamba kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Wakati ule jua na nyota ndizo zilimwonyesha baharia njia. Kwa hiyo hawakukosa joto tu. Hawakujua wako wapi.

Sasa angalia vizuri anayeandika. Ni Luka, yule aliyeandika Injili, na alikuwa ndani ya meli hiyo. Anasema matumaini yote ya kuokoka yalikwisha, na anajihesabu mwenyewe pamoja na mabaharia. Mtu wa Mungu, anasafiri na mtume, na bado anakubali kwamba tumaini lilimwishia. Roho Mtakatifu hakuufuta mstari huo. Mwambie jirani yako: kuchoka si kuasi! Kaka yangu, ukisema umechoka hujatoka katika wokovu. Umesema ukweli, na Mungu huanza kazi kwa mtu aliyesema ukweli.

Mungu alifanya nini? Naona mambo matatu.

La kwanza, alituma neno kabla ya kutuma jua. Malaika alisimama karibu na Paulo usiku, wingu likiwa bado pale pale. Ahadi yenyewe ilikuwa hivi: meli itapotea, watu hawatapotea. Wapendwa, tusikilize hapo. Kuna mtu hapa biashara yake imefungwa tangu Julai, na anadhani Mungu amemwacha kwa sababu meli imevunjika. Lakini ahadi haikuwa juu ya meli. Kibanda kinaweza kwenda, na wewe ukafika pwani.

La pili, aliwaambia wale. Ndiyo, chakula! Usiku wa 14 walitupa nanga nne wakangoja kupambazuke, wakiogopa miamba. Karibu na asubuhi Paulo akawasihi wale, kwa sababu walikuwa wamekaa muda mrefu bila kula. Akachukua mkate, akashukuru mbele ya wote, akaanza kula, na watu 276 wakapata moyo. Sisi Wapentekoste tunapenda kufunga, na ni vizuri. Lakini kuna mtu hafungi, ameacha tu kula kwa sababu ya huzuni. Mpendwa, kunywa uji. Lala. Na huzuni ikikukalia wiki baada ya wiki, au ukianza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, usikae nayo peke yako usiku mmoja zaidi. Piga simu kwa mchungaji, na uende pia kwa daktari. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

La tatu, aliwapa moto wa watu wengine. Walifika Malta wameloa, na wenyeji wasiowajua wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Naye Paulo, mtume mzima, akaenda kuokota kuni. Hakukaa akisubiri kuhudumiwa. Baadaye baba yake Publio, aliyekuwa na homa na kuhara, akaponywa, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja. Walikaa pale miezi mitatu, wakati wa baridi. Hesabu na mimi: Juni, Julai, Agosti. Miezi ambayo hakuna meli iliyosafiri ndiyo miezi wagonjwa wa Malta walipona.

Kwa hiyo usingoje Septemba ndipo uanze kumtumikia Mungu. Jua litarudi, tunajua, na hata jacaranda zitachanua. Lakini kuna mlango karibu na wako ambao haujafunguliwa siku mbili. Bisha.

Kazi ya wiki hii, kila kanisa la nyumbani: kila mmoja atembelee mtu mmoja ambaye hajaonekana ibadani tangu Julai. Usiende kumuuliza amepotelea wapi. Beba chai kwa thamosi, au mafuta ya taa, au sweta ya mtoto, mkae na mwongee. Na tafadhali sana, tukizungumza juu ya moto: mtu asilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake mbaya haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Toa jiko nje kabla ya kulala. Mtoto akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo, nasi tutaomba mkiwa njiani.

Tuombe. Baba, wewe uliyewaona watu 276 ambao hawakuliona jua, utuone na sisi hapa Riruta. Aliyechoka mpe usingizi na mkate. Aliyepoteza meli mfikishe pwani. Na kila mmoja wetu mpe nguvu ya kuokota kuni kwa ajili ya mwenzake. Katika jina la Yesu. Amina.