Nani Mwenye Haki ya Kusamehe Kosa la Mbioni?

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika hapa Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kamera zilifuata msafara, na waamuzi walikuwepo kwenye magari na pikipiki. Katika mazingira kama hayo si rahisi kosa kufichika. Lakini mbio nyingi za mji wetu si za namna hiyo. Ni mbio za vijana na za ridhaa, zenye waamuzi wawili au watatu katika mzunguko wenye vilima na kona nyingi. Huko, anayeliona kosa mara nyingi ni mpinzani wa aliyelitenda. Swali langu ni hili: mpinzani huyo akilalamika, tumwite mchongezi au shahidi? Na tukimwomba asamehe yaishe, je, msamaha huo ni wake kuutoa?

Msimamo wangu ni kwamba yapo makosa ambayo mlalamikaji anaweza kuyasamehe, na yapo mengine ambayo hana haki hiyo hata akitaka. Tukiyachanganya hayo mawili, tunafunika dhuluma na kuiita amani.

Nitoe mfano. Niliwahi kutazama mbio moja ya vijana ambapo mwendeshaji aliyemaliza wa tano alidai kwamba wa tatu alishika pikipiki kwenye mwinuko. Mwandaaji aliwasikiliza kidogo, akasema sisi sote ni ndugu, akawataka wapeane mikono. Matokeo yakabaki vilevile, na watu wakapiga makofi. Aliyemaliza wa nne hakuulizwa neno. Hakulalamika kwa sababu hakuona chochote; alijua tu kwamba amelikosa jukwaa. Kama dai lilikuwa la kweli, nafasi ya tatu ilikuwa yake, na watu wengine waliigawa kama mali yao. Kama lilikuwa la uongo, basi wa tatu aliondoka na doa asilostahili, kwa kuwa hakuna aliyechunguza ili kumsafisha. Kupeana mikono hakukumsaidia hata mmoja wa hao wawili.

Tulitazame kosa lenyewe. Katika barabara zetu za milimani si ajabu kumwona mnyonzi, yaani mwendesha baiskeli ya kubeba abiria na mizigo, ameshika nyuma ya lori ili apande kilima. Anahatarisha maisha yake, na sheria ya barabarani haimruhusu, lakini hamnyang'anyi mnyonzi mwenzake kitu. Mbioni, mkono uleule unakuwa wizi. Kilichobadilika ni makubaliano: kila aliyebandika namba mgongoni ameahidi kupanda kwa miguu yake mwenyewe, na ameahidi hivyo kwa washindani wote. Kwa hiyo anayevunja ahadi hiyo anamkosea hata yule aliye dakika kumi nyuma. Aliyeshuhudia kosa ni mmoja tu wa waliokosewa, na mtu mmoja hawezi kufuta deni linalowahusu wengi.

Makosa ya usalama yanalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Katika mbio ndogo barabara haifungwi yote kila mara, na kanuni humtaka mwendeshaji asivuke mstari wa katikati. Akiuvuka kwenye kona ili apite kundi, aliyehatarishwa ni dereva wa pikipiki anayepandisha na abiria wake kutoka upande wa pili. Hata waendeshaji wote wakikubaliana kusameheana, dereva huyo hayupo kwenye kikao chao. Hapo mwamuzi hana budi kuadhibu, ingawa hakuna aliyelalamika na ingawa mkosaji hakupata faida yoyote.

Yanabaki makosa ya watu wawili: neno la hasira, au bega lililogusa bega bila kumwangusha mtu wala kubadilisha nafasi. Hapo kupeana mikono kunafaa, na kulazimisha adhabu kungekuwa ukali usio na maana.

Wapo watakaosema kwamba mapatano ni desturi yetu Wanyarwanda, na watataja abunzi, wapatanishi wa jamii waliotambuliwa na Katiba ya mwaka 2003. Hoja hii ina uzito, lakini nadhani inanisaidia mimi. Katika mgogoro wa mpaka wa shamba, abunzi huwasikiliza wahusika wakiwa pamoja, kila mmoja akijua anadaiwa nini. Mapatano huja baada ya kusikilizana. Zaidi ya hayo, majirani wawili wanaweza kuusogeza mpaka kidogo kila mmoja akaridhika, ilhali nafasi ya tatu haigawanyiki.

Wengine watasema kwamba kanuni bila huruma ni ukatili. Watakumbusha mbio za Italia, Giro d'Italia, za mwaka 2015, ambapo Richie Porte alipata pancha karibu na mwisho na Simon Clarke, Mwaustralia mwenzake wa timu nyingine, akampa gurudumu lake. Kila mmoja aliadhibiwa kwa dakika 2 na faini ya faranga 200 za Uswisi. Adhabu hiyo inauma, kwa sababu kosa lilitokana na wema. Lakini Clarke alitoa kitu zaidi ya gurudumu. Alitoa sekunde ambazo wapinzani wengine wa Porte wangezipata kwa haki. Tunaweza kumheshimu kwa moyo wake na bado tukakubali adhabu. Kumsifu mtu hakutulazimishi kufuta kosa lake.

Hoja ngumu kuliko zote ni kwamba washindwa wengine husingizia. Ni kweli, na ndiyo maana malalamiko yanahitaji utaratibu. Yawe na muda: chama cha baiskeli cha Marekani, kwa mfano, hutoa dakika 15 baada ya matokeo kutangazwa kwa anayepinga nafasi za kumaliza. Yatolewe mbele ya mshtakiwa, na mwamuzi awatafute mashahidi wasio na faida katika uamuzi. Ushahidi usipotosha, atangaze hadharani kwamba dai halikuthibitishwa, na mshtakiwa abaki na nafasi yake bila kunung'unikiwa. Kanuni za shirikisho la dunia, UCI, haziruhusu rufaa dhidi ya yale ambayo jopo la waamuzi limeyathibitisha kuhusu matukio ya mbio. Mtu ambaye neno lake ni la mwisho ana wajibu mkubwa zaidi wa kusikiliza kabla ya kulitamka.

Kwa hiyo, anayelalamika kwa ukweli, ndani ya muda na mbele ya mwenzake, ni shahidi wa wote waliokimbia. Na kabla waandaaji hawajawaomba wawili wapeane mikono, wamtafute kwanza yule aliyemaliza wa nne, wamweleze kilichodaiwa na walichoamua.