Nasaba na Damu Iliyomwagwa

Mmoja katika ndugu zetu wanaohudhuria darsa hapa Kitengela alituuliza, baada ya sala ya Ishaa, suala hili: "Sheikh, lau serikali ingenijia ikataka mate yangu, nami nikahofu kuwa kwa mate hayo atajulikana mtoto wa ami yangu kuwa ndiye aliyeua, je, yanipasa kuyatoa, au nitakuwa nimekata udugu?" Tulimjibu kwa ufupi, na tuliporudi nyumbani tukaona kuwa jawabu letu halikutosha. Ndiyo maana twaliandika hapa, ili wasomaji wetu walipime.

Suala hili si la mzaha katika mji wetu. Mwezi wa Aprili 2021 wanaume wanne walitoweka hapa Kitengela, na maiti za kwanza zikaokotwa siku chache baadaye mbali na hapa, katika kaunti ya Murang'a. Miaka yapita, na aila zao zingali zangoja. Basi anayesema kuwa elimu ya vinasaba ni habari ya Wazungu tu, na aende akawaangalie wangojao haki, kisha arudi atwambie kama halimhusu.

Kwanza yafaa tuieleze elimu yenyewe. Mwaka 1984 mtaalamu wa Kiingereza, Alec Jeffreys, aligundua mjini Leicester kuwa chembe za urithi humtambulisha mtu kama alama ya kidole chake. Faida ya mwanzo katika kesi ya kuua ilikuwa ni kumwokoa asiye na hatia: kijana mmoja alikuwa amekiri kuua, na vinasaba vikaonyesha mwaka 1986 kuwa siye. Mwenye kuua, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988.

Baadaye likaja jambo la pili. Chembe hizo hazimtaji mtu peke yake, bali hutaja na jamaa zake, kwani kila mmoja wetu amebeba fungu la babu na bibi zake. Huko California alikuweko mwuaji aliyeua watu 13 katika miaka ya 1970 na 1980, asijulikane. Wapelelezi walitia vinasaba vyake katika daftari ambamo watu walikuwa wakitafuta jamaa zao, wakapata watu wa mbali waliochangia naye mababu wa karne ya 19, wakaandika shajara ya ukoo, wakashuka nayo tawi kwa tawi mpaka wakamfikia Joseph DeAngelo, aliyekamatwa Aprili 2018. Wala hawakumkamata kwa shajara hiyo tu. Walichukua kwanza alama kutoka mlango wa gari lake na karatasi aliyoitupa, wakalinganisha, ndipo wakamshika.

Na hapa Kenya njia hii hii imekwisha kutumika, si kwa mauaji bali kwa nasaba. Watoto waliozaliwa upande wa Nanyuki na baba zao Waingereza waliofanya kazi na jeshi lao huko, kisha wakaachwa, walitoa vinasaba vyao vikalinganishwa na madaftari ya ng'ambo, na mwaka 2025 mahakama ya London ikathibitisha baba za baadhi yao. Tazama neno lenyewe: vinasaba. Limetoka katika nasaba. Lugha yetu imekwisha kujua kuwa mwenye kushika chembe ya mtu ameshika ukoo mzima.

Je, ushahidi wa alama ni uzushi katika dini? La, hasha. Katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kanzu iliyopasuka kwa nyuma ndiyo iliyomtoa lawamani. Mtume (S.A.W.) alifurahi pale Mujazziz al-Mudlijii, mjuzi wa kutambua nasaba, alipoiona miguu ya Zaidi na Usama akasema kuwa imetokana mmoja na mwenziwe. Na Ibn al-Qayyim aliwalaumu makadhi wanaoziacha alama zilizo wazi na kwa hivyo kupoteza haki za watu. Basi asitokee mtu akasema kuwa kutazama chembe za damu ni haramu kwa kuwa wazee hawakuzitazama. Wazee walitazama walichoweza kukiona.

Lakini mfano mwingine watufundisha kiasi. Saad bin Abi Waqqas na Abd bin Zamaa waligombania mtoto. Mtume (S.A.W.) aliona wazi kuwa mtoto yule amefanana na Utba, naye asimpe nasaba ya Utba. Alihukumu kuwa mtoto ni wa kitanda alichozaliwa juu yake, kisha akamwamrisha mkewe Sauda, binti Zamaa, ajisitiri mbele ya mtoto yule. Mfanano haukutupwa, kwani uliletea tahadhari. Wala haukutawazwa kuwa hakimu. Hapa ndipo tunapoona mpaka wa jambo letu: alama ya ukoo hutuonyesha mlango wa kubisha, haituonyeshi mkono ulioshika kisu.

Asiyeuchunga mpaka huu hudhulumu. Katika mji wa Idaho Falls, Marekani, aliuawa msichana mwaka 1996. Mwaka 2014 polisi walimwendea mtengeneza filamu mmoja wa New Orleans kwa sababu ya vinasaba alivyovitoa baba yake zamani kwa ajili ya utafiti wa koo. Alitiwa shakani, kisha akaonekana hana hatia. Na huku kulikuwa na mtu mwingine aliyekwisha kukaa gerezani kama miaka 20 kwa kosa lile lile, baada ya kukiri kwa kubanwa. Mwaka 2019 elimu ile ile ya koo, ilipotumiwa kwa uangalifu, ilimfikia muuaji wa kweli, na mfungwa yule akasafishwa jina lake. Chombo ni kimoja. Kilichotofautiana ni mikono iliyokishika.

Na sasa turejee kwa ndugu yetu. Yako mambo mawili yanayovutana moyoni mwake, na yote mawili ni ya haki. Qur'ani imetuamrisha tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na Qur'ani hiyo hiyo imetukataza kupelelezana. Wengine hudhani amri hizi zapingana. Sisi twaona kila moja ina mahali pake. Shahidi hutoa alichonacho, kwa kujua na kwa hiari, juu ya jambo maalumu lililotokea. Jasusi huingia nyumba za watu wote, usiku na mchana, akitumaini kuokota kitu. Mate yaliyotolewa kwa ajili ya damu iliyomwagwa ni ushahidi. Daftari la vinasaba vya raia wote, waliotuhumiwa na wasiotuhumiwa, ni ujasusi, hata likipewa jina zuri.

Wala haya si maneno ya kubuni. Mwaka 2018 sheria ya kuandikisha watu hapa Kenya ilirekebishwa, DNA ikatiwa katika mambo yanayoweza kukusanywa. Ndugu zetu Wanubi, kwa chama chao cha Nubian Rights Forum, walikwenda mahakamani pamoja na wenziwao, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kuwa kukusanya DNA namna ile kwavunja Katiba. Twaona hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Atasema msemaji: "Damu ya aliyeuawa ni nzito kuliko siri ya jamaa." Kweli ni nzito. Lakini shajara ya ukoo ikifunuliwa hutoa na mengine: mtoto asiyekuwa wa baba anayemwita baba, ndugu asiyejulikana. Watu hawa hawakuua. Kumtafuta muuaji hakumhalalishii mpelelezi kuvunja nyumba alizopita njiani. Alichokiona kisichohusu mauaji, na akifunike.

Na atasema mwingine: "Damu ni yangu, jamaa ni wangu, sitoi." Huyu tunamwambia: ukoo haukuwa kamwe mbali na damu aliyoimwaga mtu wake. Katika fiqihi, jamaa za aliyeua kwa makosa ndio wanaochanga dia. Na Wamasai, wenyeji wa Kajiado hii, desturi yao ya kale ni ukoo wa muuaji kulipa ng'ombe, na hesabu inayotajwa sana ni 49. Hakuna aliyebeba dhambi ya mwenziwe, lakini jamaa hubeba wajibu. Kumficha muuaji si kuunga udugu, bali ni kuutia ukoo mzima katika damu ile. Na aliyemzuia dhalimu asizidi kudhulumu ndiye aliyemsaidia.

Basi jawabu letu ni hili. Toa, ikiwa ni kwa mauaji yanayojulikana, kwa amri ya mahakama, kwa sharti kuwa kilichotolewa kisitumiwe kwingine na kifutwe kazi ikiisha. Ukitakiwa bila ya hayo, una haki ya kukataa. Na mtu asihukumiwe kwa shajara ya ukoo pekee. Majmaa ya Fiqihi ya Makka, katika kikao chake cha Januari 2002, iliruhusu alama za vinasaba katika upelelezi, ikazizuia zisiwe hoja ya kuthibitisha hadi na kisasi.

Tusisahau kuwa mate hayo hayo huweza kuwa rehema. Shakahola, tangu Aprili 2023, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, na jamaa walitoa vinasaba ili wawajue watu wao. Za kwanza zilirudishwa kwa wenyewe Machi 2024. Mzazi aliyengoja karibu mwaka mzima apate wa kumzika hakuuliza kama elimu hii ni ya kigeni.

Na palipokosekana muuaji, tukumbuke alivyofanya Mtume (S.A.W.) alipouawa Abdalla bin Sahl huko Khaibar na asijulikane aliyemuua: alilipa dia yake, ngamia 100, asikubali damu ipotee bure. Basi wenye mamlaka wana deni kwa aila za waliouawa, wapatikane wauaji au wasipatikane. Nasi tulio raia tuna deni letu: tusiseme uwongo, tusifiche, wala tusikubali kila jirani afanywe mtuhumiwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.