Mwenye Kuuguza na Mawazo Yake

Katika nyumba nyingi za Wakristo nchini mwetu yumo mtu ambaye kazi yake haionekani. Ni binti, au mke, au mkwe, amwuguzaye mzee aliyepooza kwa kiharusi au aliyepotewa na kumbukumbu. Humlisha, humwosha, humgeuza usiku asipate vidonda. Majirani humsifu. Lakini moyoni ana siri ambayo hathubutu kuitamka: usiku mmoja, alipoitwa mara ya tano, lilimjia wazo kwamba afadhali mgonjwa huyo angekufa. Tangu hapo ajiona muuaji. Twauliza basi: je, wazo la namna hiyo ni dhambi?

Mafundisho ya Kanisa ni wazi. Ili dhambi iwe ya mauti, pamoja na jambo lenyewe kuwa zito, hutakiwa ujuzi kamili na ridhaa ya utashi. Wazo lirukalo kichwani pasipo kuitwa halina ridhaa. Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alifundisha kwamba kujiwa na mawazo hakumo katika uwezo wetu. Kuyakaribisha yakae, au kutoyakaribisha, ndiko kuliko katika uwezo wetu.

Elimu ya ubongo yatuonyesha jambo lilo hilo kwa njia nyingine. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Hiyo ni kama mlinzi wa usiku: ikihisi hatari hupiga mbiu kabla akili haijapima neno. Moyo hudunda, misuli hukaza, homoni ya kortisoli humiminika katika damu. Nyuma ya paji la uso mna sehemu nyingine, itusaidiayo kupima, kungoja na kujizuia. Mtu akikosa usingizi siku nyingi, sehemu hiyo hulegea, na mlinzi yule hubaki akipiga mbiu bila wa kumtuliza. Nayo Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba hofu, mazoea na hali za nafsi zaweza kupunguza lawama ya mtu.

Je, tuseme basi kwamba kosa ni la ubongo, wala si letu? Hasha! Ubongo hujifunza. Mwaka 1949 Donald Hebb, mtaalamu wa Kanada, alieleza kwamba chembe za ubongo zifanyazo kazi pamoja mara kwa mara huimarisha kiungo kati yao. Wazo lirudiwalo hujichimbia njia, kama miguu ya watu ichimbavyo njia kondeni. Lakini njia mpya nayo yaweza kufunguliwa.

Tutoe mfano. Bibi auliza, "Leo siku gani?" Ajibiwa. Baada ya kitambo auliza tena, na tena. Mwenye kumwuguza awaza, "Ananifanyia makusudi," na hasira yapanda. Lakini katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu ya ubongo ihifadhiyo mambo mapya ni miongoni mwa zile ziharibikazo mapema. Jibu halikushika kwa sababu hapana pa kushikia. Anayelijua hilo na ashushe pumzi polepole, ajiambie, "Si makusudi, ni ugonjwa," kisha ajibu. Siku za kwanza atajilazimisha. Akidumu, njia itazoeleka. Hilo si geni kwetu. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliita fadhila kuwa ni tabia njema, na tabia hiyo hujengwa kwa kurudia matendo mema.

Hata hivyo, subira haijengwi juu ya mwili uliochakaa. Nabii Eliya alipochoka jangwani aliomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena. Ndipo akapata nguvu za kuendelea na safari. Basi mwenye kuuguza asione haya kulala, wala kumwendea daktari ikiwa huzuni haimwachi, au ikiwa aogopa kwamba mkono wake utamdhuru mgonjwa.

Tena, dhambi tuliyoitafuta kwa binti huyu huenda tukaikuta kwingine: kwa kaka na dada watumao salamu kwa simu na kumwachia mmoja mzigo wote, na kwetu sisi tumsifuye Jumapili tusimpokee Jumatatu. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikupewa mtoto mmoja tu.

Enyi wazazi na watoto, ketini juma hili mgawane usiku. Nanyi wanajumuiya, mkienda kumsalimu mgonjwa, mmoja wenu abaki hapo hadi asubuhi, ili amwuguzaye apate kulala. Usingizi wa usiku mmoja waweza kumrudishia upendo aliodhani umekwisha.