Siku Meli Isipotia Nanga

Kutoka Tabaka, Mugirango Kusini, hadi bandari ya Kilindini ni zaidi ya kilomita 700. Jiwe la Kisii husafiri umbali huo wote. Wanaume hulichimba kwa mtaimbo, wachongaji hulikata kwa panga na kisu likiwa bado na unyevu, akina mama hulipiga msasa kwa maji mpaka kiboko kinang'aa. Kisha ni basi, Nairobi, Mombasa, na mwisho meza ya mchuuzi anayengoja meli ya watalii.

Sasa hebu fikiria meli haiji. Bahari imechafuka na nahodha ameamua kupita bila kutia nanga. Abiria wananung'unika, kwa kawaida wanarudishiwa ada ya bandari, halafu jioni chakula ni kama kawa. Mchuuzi anakunja kitambaa chake. Kama vile vinyago alivichukua kwa deni, deni liko palepale. Anapiga simu Tabaka: "Ndugu, usitume mzigo mwingine kwanza." Huko Tabaka jua linawaka, lakini dhoruba imeshafika.

Nani amemkosea mchongaji? Jibu la haraka ni hakuna. Tena nahodha alifanya vizuri. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja kutua Mafia, feri za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na ilikuwa sawa kabisa. Huwezi kuweka maisha ya watu rehani ili kiboko cha mawe kiuzwe.

Lakini kusema hakuna mkosaji si sawa na kusema hakuna anayedaiwa. Mwanafalsafa Judith Shklar, katika The Faces of Injustice cha 1990, alitutahadharisha tusiwe wepesi kuita jambo bahati mbaya, kwa sababu mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma huchorwa na watu. Upepo hauna kosa. Ila mkataba wa tikiti, unaomruhusu nahodha kuruka bandari, haukuandikwa na upepo. Kampuni imejilinda, abiria amekumbukwa kidogo, na mchuuzi hayumo kabisa.

Cha kushangaza, bahari yenyewe ina sheria ya zamani kuliko hii. Tangu enzi za Rhodes ya kale, mzigo wa mtu mmoja ukitoswa baharini ili meli isizame, wote waliookolewa mali zao humchangia. Wazo hilo lingali hai leo katika kanuni za York-Antwerp. Mantiki yake ni rahisi: uliyepona kwa hasara ya mwenzako, una sehemu yako ya kulipa. Siku ya mchuuzi si ni mzigo uliotoswa pia?

Utaniambia mchuuzi hakuwa melini, na kwamba biashara ni kubahatisha. Kweli. Na tukimlipa yeye, vipi dereva wa teksi, vipi muuza madafu? Hatutafika mwisho. Lakini meli haiuzi vitanda tu. Inauza pia hiyo siku ya Mombasa: soko, vinyago, watu wake. Anayeuza uwepo wa mtu hawezi kudai hamjui mvua ikinyesha. Si lazima alipwe hasara yote. Hata sehemu ndogo ya kila ada ya bandari, ikiwekwa kwenye mfuko wa wachuuzi waliosajiliwa, ingekuwa mwanzo.

Sisi wa Kisii na Nyamira hatuhitaji bahari kuelewa haya. Mvua ya mawe hupiga chai ya mlima mmoja na kuacha wa pili mzima. Wazee walikuwa na egesangio, kulimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Haikuwa bima, lakini ilifundisha kwamba jasho la jirani likikufaidi, shida yake inakuhusu.

Na hili si la matajiri wa melini peke yao. Umeagiza chakula cha watu thelathini kwa sherehe ya nje, mvua ikashuka, ukamtumia mama wa mapishi ujumbe: "Pole, tumeahirisha, si unaona hali ya hewa?" Nyanya ameshanunua. Mvua si kosa lako. Lakini nyanya hizo zilinunuliwa kwa neno lako.