Paka Shume na Mwenye Kiwanja

Twaulizwa: mtu ambaye paka shume wamemlia vifaranga kiwanjani mwake, je, yafaa awatilie sumu, maadamu ardhi ni yake?

Twajibu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu: ardhi ni yake, lakini roho zipitazo juu yake si zake. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Paka alikuwa mkononi mwake. Hilo halikumfaa kitu.

Lakini na mwenye kuwalisha mlangoni asijione amesalimika. Imamu Nawawi ameandika katika Minhaji kuwa paka aliyezoea kuharibu ndege au chakula, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Sadaka ya mtu isiwe hasara ya jirani yake.

Basi banda lizibwe, chakula kifunikwe, taka ziondolewe, na paka afukuzwe kwa jambo jepesi kabla ya zito. Kuwahasi kuna hitilafu baina ya wanavyuoni. Aulizwe mjuzi kwanza. Ama sumu, haichagui: huua paka wa jirani, na kuku, na hata mtoto.

Ndugu zetu, tumche Mungu katika viumbe wasio na ulimi.